Njia Nyepesi za Kando ya Ziwa, na Walioigharimia

Miezi michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa wadau katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Ajenda ilikuwa moja: upanuzi wa barabara inayopita karibu na ufuko. Mhandisi alitundika michoro ukutani, akaeleza upana wa barabara, mitaro, taa, na vivuko mbele ya shule. Alieleza vizuri. Kisha mzee mmoja aliyekaa safu ya nyuma, kofia yake ikiwa magotini, akasimama, akashukuru kama ilivyo ada, akauliza: "Na sisi wa baiskeli tutapita wapi?"

Ukumbi ulicheka. Mhandisi naye akatabasamu, akasema mradi unatazama miaka thelathini mbele, na kwamba kufikia wakati huo, Mungu akipenda, hata mzee atakuwa na gari. Ukumbi ukacheka tena, safari hii kwa sauti zaidi. Mzee akaketi. Mimi nami nilitabasamu, jambo ambalo sijivunii, na wala sikuinua mkono. Ninaandika makala hii kwa sababu siku ile sikuinua mkono.

Nilichotaka kumwambia mhandisi ni kwamba nimewahi kuishi karibu na watu waliotangulia kuifika hiyo miaka thelathini ijayo. Magari wanayo, tena yamewajaa. Na mojawapo ya mambo wanayoyatolea fedha nyingi leo, katika eneo lao la maziwa, ni njia ambayo mtu anaweza kunyonga baiskeli kwa utulivu bila kugongwa. Lakini jibu hilo pekee lingekuwa jepesi mno, kwa sababu njia hizo zina historia, na historia yake haifanani na picha zilizo kwenye vipeperushi vya utalii.

Nilisomea shahada ya uzamivu kaskazini mwa Uingereza. Sikuwa na gari, na fedha za ufadhili zilitosha chumba, chakula na kadi ya simu. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akihamia kwa binti yake, aliniuzia baiskeli kuukuu ambayo breki zake zililia kama paka. Jumamosi ambazo mvua ilinihurumia niliipakia kwenye treni, nikashuka Penrith, na kuingia katika eneo ambalo wao huliita Lake District, ndani ya jimbo la Cumbria. Ni nchi ndogo yenye sura kubwa. Ziwa lake kubwa kuliko yote, Windermere, ndilo kubwa kuliko yote England nzima, nalo lina urefu wa kilomita 17 hivi na eneo lisilofika kilomita za mraba 15. Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000 tunaweza kusamehewa tukiliita bwawa. Lakini milima inashuka hadi majini, kuta za mawe makavu zinapanda hadi vileleni, na mwanga hubadilika kila robo saa. Eneo hilo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 2017 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kwangu baiskeli haikuwa mchezo. Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha pamba, Usukumani, na Raleigh yake nyeusi ndiyo iliyomfikisha kwenye vituo vya kununulia. Karia ya baiskeli hiyo ndiyo iliyonipeleka mimi shule ya msingi. Kwa hiyo nilipowaona Waingereza wakibeba baiskeli juu ya magari ili wakaziendeshe mahali pengine, nilisimama kando nikatazama kwa muda mrefu. Baadaye nilizoea.

Anayetaka kuendesha baiskeli katika nchi ya milima hujifunza haraka kusoma ramani. Barabara za kale zinazovuka vipito vya milimani, kama ile ya Hardknott ambayo Warumi waliilinda kwa ngome, hupanda kwa ukali wa mita 1 kwa kila mita 3 mahali pengine. Huko hata mtu mwenye mapafu ya mkimbiaji hushuka akasukuma. Njia nyepesi ni chache, na nilipozipanga mezani niligundua jambo lililonishangaza kidogo: karibu kila moja ilikuwa nyepesi kwa sababu mtu fulani, zamani, alitaka kitu kingine kabisa. Hakuna aliyesawazisha ardhi ile kwa ajili ya mtu wa baiskeli.

Iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya kutoka mji wa Keswick hadi kijiji cha Threlkeld. Ni kama kilomita 5 tu. Unaanzia penye stesheni ya zamani, unafuata mto Greta, ambao njia inauvuka tena na tena kwa madaraja, misitu ikiwa pande zote mbili na mlima Latrigg ukiwa juu ya kichwa chako. Mtoto wa miaka sita anaiweza. Bibi wa miaka themanini kwenye kiti cha magurudumu anaiweza. Nimewaona wote wawili. Ukipenda kuendelea, njia hiyo ni sehemu ya safari ndefu ya kutoka bahari hadi bahari, kutoka pwani ya magharibi hadi pwani ya mashariki ya England, iliyozinduliwa mwaka 1994, yenye urefu wa takriban kilomita 225.

Ulaini huo ulitokana na reli. Kati ya mwaka 1864 na 1865 kampuni ya reli ya Cockermouth, Keswick na Penrith ilifungua njia ya kilomita 50 hivi kukatiza eneo lote la maziwa. Shabaha yake kuu haikuwa watalii. Magharibi, pwani ya Cumberland, kulikuwa na tanuri za chuma, na mashariki, Durham, kulikuwa na makaa ya mawe yaliyookwa tayari kwa tanuri hizo. Reli ilijengwa kuyavusha. Na kwa kuwa treni ya mvuke haiwezi mlima mkali, mhandisi alilazimika kuitafuta njia iliyo tambarare kuliko zote, akajenga matuta, akachimba handaki, akatupa madaraja ya chuma juu ya Greta. Mhandisi huyo alikuwa Thomas Bouch. Wanafunzi wangu wa historia ya teknolojia wanalifahamu jina hilo kwa sababu nyingine: ndiye aliyejenga daraja la Tay huko Scotland, lililoanguka kwenye dhoruba mwaka 1879 likiwa na treni juu yake. Ya Keswick hayakuanguka wakati ule. Yalisubiri.

Kandokando ya reli hiyo, mahali paitwapo Low Briery, palikuwa na kiwanda cha kuchonga vigurudumu vya mbao vya kuzungushia uzi, kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Lancashire na kwingineko. Leo ni kituo cha mapumziko, na bango dogo linaeleza yaliyokuwapo. Nilisimama pale nikamkumbuka baba na mizani yake. Sijui pamba ya nani ilizungushwa kwenye kigurudumu kipi, na sitajifanya najua. Nasema tu kwamba mtoto wa karani wa pamba hawezi kupita mahali pale kama mtalii wa kawaida.

Reli ilikufa kwa awamu. Upande wa magharibi wa Keswick ulifungwa mwaka 1966, na upande wa mashariki mwezi Machi 1972. Hapo ndipo sehemu ambayo ningependa mhandisi wetu aisikilize. Tuta lile moja la reli lilipata hatima mbili tofauti. Magharibi, kando ya ziwa Bassenthwaite, lilimezwa na barabara kuu ya A66 katika miaka ya 1970, na leo malori yanapita hapo kwa kasi mita chache kutoka majini. Mandhari ni yale yale, pengine mazuri zaidi, lakini nani atamleta mtoto wake pale kwa baiskeli? Mashariki, tuta liliachwa, handaki likafukiwa barabara hiyo hiyo ilipojengwa, na polepole wakazi na mamlaka ya hifadhi wakaligeuza njia ya miguu na magurudumu. Hakukuwa na tofauti ya jiografia kati ya vipande hivyo viwili. Tofauti ilikuwa maamuzi ya watu waliokaa katika vyumba kama kile nilichokaa mimi nikitabasamu.

Halafu ikaja dhoruba. Tarehe 5 Desemba 2015 kimbunga kilichopewa jina Desmond kilimwaga mvua ambayo kipimo cha Honister, kilomita chache tu kusini-magharibi mwa Keswick, kiliirekodi kuwa milimita 341.4 katika saa 24, rekodi ya Uingereza nzima. Greta ulichukua madaraja mawili ya Bouch na kuikata njia. Ilichukua miaka mitano na takriban pauni milioni 8 kuirudisha, na ilifunguliwa tena Desemba 2020. Safari hii walilifukua hata lile handaki, waendesha baiskeli wakapita ndani yake kwa mara ya kwanza.

Msidhani wote walipiga makofi. Mamlaka iliamua kuweka lami laini badala ya changarawe, na ukazuka ugomvi mkali: baadhi ya wapenzi wa mandhari walisema lami inaharibu sura ya mashambani, wengine wakajibu kwamba changarawe huwafungia nje wenye viti vya magurudumu, wazee, na akina mama wenye vigari vya watoto. Mimi nilikuwa nimekwisharudi nyumbani, nikaufuata ugomvi huo kwa mbali. Nakiri ulinipendeza. Jamii inayogombana kuhusu aina ya lami ya kumfaa mtu wa kiti cha magurudumu imevuka hatua ambayo sisi bado tumeikalia. Na upande wangu ulikuwa wa lami, bila kusita.

Juu ya njia hiyo, kama nilivyosema, kuna Latrigg. Mwaka 1887 ukoo wa Spedding, wenye ardhi, ulikuwa umezifunga njia za kupanda mlima huo. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo watu wapatao 2,000 waliandamana kupitia vizuizi hadi kileleni. Chama cha wenyeji cha kulinda njia za miguu kiliongozwa na kasisi, Hardwicke Rawnsley, na shauri lilikwenda mahakamani Carlisle. Mwaka uliofuata likamalizwa kwa maridhiano: njia moja ilikubaliwa kuwa ya umma, nyingine ikapotea. Ushindi nusu. Miaka saba baadaye, mwaka 1895, Rawnsley pamoja na Octavia Hill na Robert Hunter walianzisha National Trust, taasisi ambayo leo inamiliki sehemu kubwa ya mashamba na fukwe za eneo hilo, ikiwamo njia tulivu ya ufuko wa magharibi wa Windermere inayopita karibu na Wray, mahali Rawnsley alipohudumu ujanani. Njia hiyo nayo ni nyepesi, ingawa ina mizizi na mawe, na unaifikia kwa kivuko.

Lakini haki ya mwenda kwa miguu haikuwa haki ya mwenye baiskeli. Huyo alisubiri hadi Sheria ya Mashambani ya mwaka 1968 ndipo akaruhusiwa kupita kwenye njia za farasi, tena kwa sharti la kuwapisha wenye farasi na wenye miguu. Klabu ya waendesha baiskeli watalii ya nchi hiyo ilianzishwa mwaka 1878. Ndugu yangu mwanaharakati unayekata tamaa baada ya barua mbili kutojibiwa, piga hesabu.

Tusidhani pia kwamba wapenzi wa uzuri walikuwa daima upande wa watu wa kawaida. Mwaka 1844, reli ilipopangwa kufika Windermere, mshairi William Wordsworth aliandika barua gazetini kuipinga. Alikuwa mzee wa miaka 74, mtukufu, na kwa karibu miaka thelathini alikuwa ameshikilia cheo cha serikali cha kusambaza stempu za kodi. Watumishi wa umma wanaosoma hapa watamtambua. Hofu yake ilikuwa kwamba treni zingemwaga makundi ya wafanyakazi wa viwandani ambao, kwa maoni yake, hawakuwa na elimu ya kuonja mandhari yale. Reli ilijengwa hata hivyo, ikafunguliwa mwaka 1847, na makundi yakaja. Nami, kwa treni ya reli iyo hiyo, nilifika mara kadhaa na baiskeli yangu ya kelele, bila elimu ya kuonja.

Njia ya pili ninayoipenda inaanzia Threlkeld, inapita bonde la St John's kati ya kuta za mawe na kondoo wasio na haraka, na kufika ukuta wa bwawa la Thirlmere. Hapo barabara kuu inashika upande wa mashariki wa ziwa. Upande wa magharibi kuna kibarabara kinachojipinda na ufuko, chenye kivuli, chenye miinuko midogo tu, magari machache. Kuna nyakati hufungwa kwa sababu ya mawe na miti inayoanguka kutoka mlimani, kwa hiyo ulizia kwanza. Ni barabara nzuri ajabu. Ilijengwa na Jiji la Manchester.

Manchester iko mbali na hapo. Bomba la maji lina urefu wa takriban kilomita 154. Katika miaka ya 1870 jiji hilo la viwanda lilikuwa na kiu, na wakuu wake wakaliona ziwa la Thirlmere. Kikaundwa chama cha kulitetea ziwa, mjadala ukafika Bungeni, na mwaka 1879 sheria ikapitishwa. Ujenzi ulifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1890, maji yakapandishwa hadi mita 15 juu ya kimo cha asili, na Oktoba 1894 yakafika Manchester kwa nguvu ya mteremko peke yake, bila pampu hata moja. Kama kazi ya uhandisi, ni ya kuvuliwa kofia. Vitongoji vya Armboth na Wythburn vilitoweka chini ya maji au kwa kuhamwa. Kanisa dogo la Wythburn limebaki, upande wa mashariki, bila kijiji chake. Kwa sababu maji yalimeza njia za zamani, jiji lililazimika kujenga mpya, na njia mpya inayofuata ukingo wa bwawa lazima iwe karibu tambarare, kwa kuwa maji hayana mlima. Ndiyo siri ya wepesi wa kibarabara kile.

Manchester hawakuishia hapo. Sheria ya mwaka 1919 iliwapa ziwa Haweswater, mashariki zaidi. Ujenzi ulianza mwaka 1929, na katikati ya miaka ya 1930 kijiji cha Mardale Green kikazama. Kanisa lilibomolewa, maiti 97 walifukuliwa makaburini, wengi wakazikwa upya katika kijiji cha Shap. Barabara tulivu inayofuata ziwa hilo hadi mwisho wa bonde, ambayo waendesha baiskeli huisifu kwa kuwa haina kupita, ililetwa na bwawa hilo hilo. Kilichokuwa bondeni humo ni kijiji, nacho kipo chini. Kiangazi cha ukame kuta za mashamba hujitokeza na watu huja kupiga picha.

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu niliposimama juu ya ukuta wa Thirlmere kwa mara ya kwanza, na sikufikiria Manchester. Nilifikiria Ihelele, wilaya ya Misungwi, ambako mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Viktoria Shinyanga na Kahama ulikuwa umechota maji. Mradi ule ulizinduliwa mwaka 2009, na niliuunga mkono na ninauunga mkono hadi leo. Watu wa Shinyanga walikuwa na kiu ya kweli, na Tanzania ilikuwa na haki ya kutoyatambua makubaliano ya Nile ya mwaka 1929 yaliyoandikwa na mkoloni. Lakini mradi wa maji, kama mradi wa barabara, huacha kitu kando yake. Manchester waliacha barabara ambayo mjukuu wa mjukuu wa mfanyakazi wa kiwanda anaweza kuitumia bure. Hawakukusudia wema huo, na kwa miongo mingi waliwazuia watu kuyakaribia maji, wakapanda misonobari iliyoziba ziwa lisionekane. Mwaka 1989 maji yenyewe yalibinafsishwa pamoja na ya nchi nzima, na leo ziwa lililochukuliwa kwa jina la umma linasimamiwa na kampuni. Barabara ilibaki ya umma. Kuna somo hapo kwa wanaosaini mikataba.

Nimesema sana juu ya njia na sijasema kitu juu ya kinachozigusa, yaani tairi. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo, tunayoifahamu sote, ilipata umbo lake mwaka 1885 Coventry, kwa mkono wa John Kemp Starley. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alisajili tairi lililojazwa upepo. Kabla ya hapo mtu aliendesha juu ya mpira mgumu na kila jiwe lilimfikia utosini. Baada ya hapo baiskeli ikawa raha, na katikati ya miaka ya 1890 Uingereza ilishikwa na wazimu wa baiskeli: makarani, walimu, wanawake waliotafuta pumzi ya uhuru, na wajamaa wa klabu ya Clarion, iliyoanzishwa mwaka 1894, waliopeleka vijitabu vya siasa vijijini kwa pedeli.

Mpira ulitoka wapi? Mwanzoni, kwa sehemu kubwa, kutoka Amazoni. Lakini pia kutoka Kongo ya Mfalme Leopold II, kutoka mimea itambaayo ya jamii ya mbungo wetu, ambayo wanavijiji walilazimishwa kuigema wakati wake zao wameshikwa rehani. Wanajeshi walikata mikono. Mwaka 1903 balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alisafiri juu ya mto kuchunguza, na miongoni mwa mahali alipokaa muda mrefu na kuandika kwa uchungu zaidi palikuwa pembezoni mwa ziwa, Ziwa Mantumba, ambako alikuta vijiji vilivyopungua kiasi cha kutotambulika. Taarifa yake ilitoka mwaka 1904. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa koloni lake binafsi, likawa la Ubelgiji.

Karani wa Manchester aliyeteleza kwa raha kando ya Thirlmere mpya, mwaka 1897 tuseme, hakumwonea mtu yeyote. Alikuwa maskini wa wastani aliyepata Jumapili yake. Sitaki kumhukumu. Nataka tu maziwa hayo mawili yakae kwenye ukurasa mmoja, kwa kuwa yaliunganishwa na tairi moja na nimesoma vitabu vingi vya historia ya baiskeli vinavyolitaja la kwanza pekee.

Sasa nirudi kwa mzee. Baada ya mkutano nilimkuta nje chini ya mwembe, akifunga gunia la dagaa kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nilikuona ndani."

Nilimwomba radhi kwa kicheko. Akanyamaza kidogo, akakaza fundo.

"Mimi sikuuliza ili nicheke wala nichekwe," akasema. "Mwanangu wa tatu aligongwa na gari pale kwenye kona ya daraja, akiwa ukingoni kabisa, wala hakuwa barabarani. Kwa hiyo niliuliza wapi. Kama ni ukingoni waseme ni ukingoni."

Sikuwa na la kusema. Akaniuliza kama swali lake limeandikwa, maana yeye aliona karani akiandika wakati wengine wakisema, lakini aliposema yeye kalamu ilikuwa mezani. Nikamwahidi kuangalia.

Niliangalia. Muhtasari wa mkutano una kurasa sita. Ukurasa wa nne unasema wadau waliupongeza mradi na kuomba utekelezaji uharakishwe. Swali la baiskeli halimo. Nimemwandikia katibu wa kikao kuomba muhtasari usahihishwe kabla ya kuthibitishwa, nikaambatanisha maneno ya mzee kama alivyoyatamka, na nakala ya mchoro mmoja nilioutengeneza mwenyewe: mita moja na nusu kila upande, iliyotengwa kwa ukingo wa zege, kutoka kona ya daraja hadi gulio. Kikao cha kuthibitisha ni Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, na ni cha wazi.